Usilibebeshe Jedwali la Mafuta Makosa ya Injekta

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Leo ni jedwali la mafuta kwenye injini iliyoongezewa nguvu, na mwenzangu Juma amekuja na ugomvi wake.

JUMA: Ninao, dada. Mtu anafunga turbo, anafunga injekta kubwa, zile zinazonyunyizia petroli, anafungua laptopu, na kitu cha kwanza anachogusa ni jedwali. Anapandisha namba hapa, anashusha pale, mpaka gari litulie. Kisha linaanza kuhema kila taa zikiwashwa.

ZUHURA: Kwa wageni, jedwali lenyewe liko kwenye kompyuta ya injini, na lina pande mbili: mizunguko ya injini kwa dakika, na mgandamizo wa hewa ndani ya manifodi, yaani njia ya hewa kuelekea silinda. Kwenye magari mengi ya kutyuni, yaani yanayorekebishwa kompyuta, kila kisanduku kinaeleza silinda inajaa hewa kwa asilimia ngapi.

JUMA: Hewa! Hapo ndipo watu wanapopotea. Kompyuta inaanza na hiyo hewa, inatazama mchanganyiko unaoutaka, inatazama ulichoiambia kuhusu injekta, ndipo inapiga hesabu ya kuzifungua kwa milisekunde ngapi. Ukiidanganya kuhusu injekta, utalazimika kuidanganya na kuhusu hewa ili hesabu itoke.

ZUHURA: Tupe mfano wa uongo wenyewe.

JUMA: Muda mfu. Injekta ni vali ya umeme, na ukiipa umeme haifunguki papo hapo. Tuseme kwa volti 14 inapoteza milisekunde 1 kabla ya kutoa petroli ya maana. Sasa gari lipo sailensi, hujakanyaga kitu, na injekta kubwa inapewa milisekunde 2 tu. Nusu ya muda imepotea, nusu ndiyo mafuta. Ukiwa umeandika muda mfu uliozidi kwa milisekunde 0.2, umeongeza mafuta kwa asilimia 20.

ZUHURA: Na ukikanyaga mpaka mwisho?

JUMA: Huko injekta inatoa mafuta labda kwa milisekunde 14. Ile 0.2 haifiki hata asilimia 2. Kosa ni lilelile: chini linavuruga kila kitu, juu hulioni. Basi fundi anaona sailensi ni nzito, mafuta yamezidi, anakata asilimia 20 kwenye visanduku vya chini, anafurahi. Feni ya rejeta ikiwaka, volti zinashuka, injekta inachelewa zaidi kufunguka, na ile hesabu ya muda mfu, ambayo tangu mwanzo haikuwa sawa, haina cha kusaidia. Gari linazima.

ZUHURA: Nami nina la kwangu: presha ya mafuta. Injekta haina ujazo mmoja wa kudumu. Ile namba ya muuzaji imepimwa kwa presha fulani, mara nyingi bar 3. Ukiiendesha kwa bar 4 inatoa karibu asilimia 15 zaidi, maana mtiririko unafuata kipeo cha pili cha presha.

JUMA: Kipeuo, dada. Kipeuo cha pili.

ZUHURA: Kipeuo, ahsante mwalimu. Sasa weka turbo. Turbo inasukuma bar 1 ndani ya manifodi, yaani palepale injekta inapotemea mafuta. Kama regyuleta, ile inayodhibiti presha ya mafuta, haijaunganishwa kwa kampira na manifodi ili ipandishe presha sambamba, ile bar 3 inabaki bar 2 za kufanya kazi, na umepoteza karibu asilimia 18 ya mafuta wakati injini inayahitaji kuliko wakati wowote.

JUMA: Na mtu ataongeza asilimia hizo kwenye jedwali!

ZUHURA: Ataongeza, mpaka injekta zifike kikomo. Zikishapita kama asilimia 85 ya muda zikiwa wazi, hazipati nafasi ya kujifunga vizuri. Unapandisha namba, lambda haisogei, yaani kile kipimo cha mchanganyiko: 1 ni hewa na mafuta sawasawa, chini ya 1 mafuta yamezidi.

JUMA: Tuseme hayo yote yako sawa. Kwenye kisanduku chenyewe hesabu ni fupi: namba ya zamani, mara lambda uliyosoma, gawanya kwa lambda unayotaka. Kisanduku kina 78, unataka 0.85, umesoma 0.90. Weka 82.6, endelea.

ZUHURA: Ila utulie kwenye kisanduku hicho kwanza. Moshi unachukua muda kufika kwenye sensa inayosoma lambda, na ukipita mbio unarekebisha kisanduku ambacho hakikuwa na kosa. Na sensa iwe ya masafa mapana. Ile ya kawaida inajua tu kama umevuka 1, haijui umevuka kwa kiasi gani.

JUMA: Hata hiyo ya masafa mapana inaweza kukuchezea. Inapima oksijeni, haipimi petroli. Silinda ikikosa moto, hewa yake inatoka bila kuungua, oksijeni inajaa kwenye moshi, sensa inasema mafuta ni machache. Wewe unaongeza, plagi zinalowa, moto unakosekana zaidi, sensa inalia vilevile mafuta machache. Ukiona namba imeruka ghafla, sikiliza injini kabla ya kugusa kibodi.

ZUHURA: Tundu kwenye bomba la moshi kabla ya sensa hufanya hivyohivyo, hasa gari likiwa sailensi.

JUMA: Na lengo lenyewe? Mimi kwa petroli yenye turbo naanzia 0.80 hivi, halafu nasikiliza noki, ule mgongo wa mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda. Muda wa cheche ni kipindi kingine kabisa, tusianze.

ZUHURA: Tusianze. Malizia na kukanyaga ghafla, maana ndilo swali linaloulizwa sana.

JUMA: Ukikanyaga ghafla, sehemu ya petroli inanata kwenye kuta za njia ya hewa badala ya kuingia silinda, ndiyo maana gari linasita kidogo kabla ya kuondoka. Hilo halitibiwi kwenye jedwali kuu. Kuna sehemu yake, ya nyongeza ya kukanyaga, na inaguswa baada ya jedwali kuu kukaa sawa, injini ikiwa na joto lake. Kusita kwa injini baridi kuna sehemu nyingine tena, na hiyo unaingoja asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima.