Mchanga wa Mto na Mchanga wa Pwani: Ndege Anatafuta Nini Ardhini

Nimelisema hili na nitalisema tena, maana kila mkutano hakosi mtu wa kuniambia kwamba tetere anayedonoa vijiwe njiani ana njaa. Si njaa hiyo, ni kukosa meno.

Nani hapa hajawahi kumsafisha kuku wa kienyeji? Pasua firigisi, bandua ile ngozi ya njano: vijiwe hivyo, kingo zimelainika kama vimepigwa msasa. Hayo ndiyo magego yake. Misuli inabana, vijiwe vinasaga, nafaka inakuwa uji. Sasa pasua ya kuku wa kisasa aliyelelewa kwa chakula cha unga. Aghalabu hukuti kitu. Basi msinirukie kwamba "wangu hawali mawe na wananenepa". Umeshamsagia mashineni, asage nini tena? Tetere humeza mbegu nzima na ganda lake, hana budi kuwa na kinu. Mnana humenya kwanza kwa mdomo, lakini naye huokota chembe chache, ndogo sana.

Watu wa pwani ndio mnaonichosha. Mtu anachota ndoo ya mchanga mweupe ufukweni, anaumwaga bustanini, anajisifu kawapa ndege mawe. Ukamulie ndimu! Ukitoa povu, hayo ni matumbawe na makombe yaliyosagika, chokaa tupu. Tumbo la ndege nalo lina asidi, kwa hiyo mchanga huo unayeyuka upesi, haudumu kusaga. Mchanga wa mtoni usiotoa povu ndio unaokaa.

Mtaniuliza, ule mweupe utupwe? Thubutu! Jike anayetaga anauhitaji. Kiasi cha asilimia 95 ya ganda la yai ni kalsiamu kaboneti, chokaa ileile, na mbegu zina kidogo mno. Kuku hutumia saa 20 hivi kulitengeneza ganda, sehemu kubwa usiku. Kwa hiyo shomoro anayedonoa chokaa ya ukuta wako msimu wa kutaga, usimpigie kelele. Kule Uholanzi mvua ya asidi iliondoa chokaa kwenye udongo wa misitu, konokono wakapungua, na ndege wadogo waliotegemea magamba yao wakataga mayai yenye maganda mabovu. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1994.

Basi weka visahani viwili, ndege achague mwenyewe. Kimoja kiwe na mchanga wa mto uliooshwa na kuchekechwa. Cha pili, maganda ya mayai: yaoshe, yakaange makavu dakika 10 yafe vijidudu, kisha yaponde yawe madogo kuliko kichwa cha kiberiti. Ukimpa kuku vipande vikubwa, anaweza kujifunza kula mayai yake. Ukiweka mchanga wa pwani kwenye kisahani hicho cha pili, usuuze kwa maji matamu mara tatu nne, maana chumvi ikizidi inamuua ndege mdogo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka basi: rangi kuukuu iliyobanduka ukutani izoe, nyingine ina madini ya risasi. Na visahani vikinyeshewa, mwaga, weka vikavu.