Programu Inayoamini Kila Inachoambiwa

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie mianya ya usalama katika programu za wavuti na programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake, maandishi ya amri zake, uko wazi kwa yeyote kuusoma. Mada ni pana, kwa hiyo nitashika hoja moja: sehemu kubwa ya mianya hii hutokea pale programu, au watu wanaoitunza, wanapoamini jambo ambalo hakuna aliyelihakiki.

Tuanze na fomu ya kuingia kwenye akaunti. Mtumiaji anaandika jina, seva inalichukua na kulipachika ndani ya swali linalokwenda kwenye hifadhidata: nipatie mtu ambaye jina = 'Asha'. Hadi hapo mambo ni shwari. Sasa aje mwingine, na badala ya jina aandike ' OR '1'='1. Ile alama ya nukuu aliyoanza nayo inalifunga jina kabla ya wakati, na yanayofuata yanageuka kuwa sehemu ya amri. Hifadhidata inajikuta imeulizwa: nipatie mtu asiye na jina, au yeyote ikiwa moja ni sawa na moja. Moja ni sawa na moja siku zote, basi inawatoa watu wote.

Shambulio hili lilielezwa hadharani mwaka 1998 katika Phrack, jarida la wadukuzi, na dawa yake inafahamika. Unatuma swali likiwa na nafasi iliyoachwa wazi, kisha unapeleka data kando, ili hifadhidata isiichukulie kuwa amri hata ikibeba alama gani. Ni kazi ya mistari miwili mitatu. Mbona basi mwanya huu bado tunaukuta? Nionavyo mimi, ni kwa sababu kuunganisha vipande vya maandishi ni rahisi, na siku ya majaribio kila kitu kinakwenda sawa, maana anayejaribu huandika jina la kawaida.

Ndugu yake wa karibu ni XSS: maandishi ya mtumiaji mmoja yanaonyeshwa kwa wengine bila kusafishwa, na kivinjari kinayatekeleza kama msimbo. Oktoba 2005 Samy Kamkar aliweka msimbo wa namna hiyo kwenye ukurasa wake wa MySpace, mtandao wa kijamii. Kila aliyeufungua alimwongeza Samy kuwa rafiki bila kujua, na ukurasa wake mwenyewe ukaanza kuwaambukiza wengine. Haikupita siku nzima, kurasa zaidi ya milioni moja zikawa zimeambukizwa.

Uko pia mwanya usiohitaji ujanja wowote. Fungua risiti yako katika mfumo mliouandika nyinyi wenyewe, kisha tazama anwani juu ya kivinjari: inaishia na 1041. Ibadilishe iwe 1042. Ukiona risiti ya mtu mwingine, maana yake mfumo ulikuuliza wewe ni nani, ila haukuuliza kama risiti hiyo ni yako. Shirika la OWASP, linaloshughulikia usalama wa programu, katika orodha yake ya mianya ya mwaka 2021, liliweka kundi hili la udhibiti mbovu wa ruhusa katika nafasi ya kwanza. Skana za kiotomatiki mara nyingi hulipita bila kuliona, kwa kuwa hazijui risiti ipi ni ya nani. Hapo anahitajika mtu anayeelewa kazi ya mfumo.

Nije kwenye programu huria. Aprili 2014 dunia iliambiwa kuhusu Heartbleed, hitilafu ndani ya OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya seva za intaneti. Kuna utaratibu ambao upande mmoja hutuma ujumbe mfupi na kutaja urefu wake, na upande wa pili huurudisha vilevile, kuthibitisha kwamba muunganisho ungali hai. Mshambuliaji alituma ujumbe mfupi sana, akadai una urefu wa karibu baiti elfu 64. Seva haikupima. Ikarudisha ujumbe ule pamoja na chochote kilichofuata kwenye kumbukumbu yake: nywila, vipande vya mawasiliano ya watu wengine, wakati mwingine hata ufunguo wa siri wa seva yenyewe.

Msimbo huo ulikuwa wazi mbele ya kila mtu tangu toleo la Machi 2012. Husemwa kwamba macho yakiwa mengi hitilafu hazijifichi. Mimi naiamini programu huria kwa moyo wangu wote, na ndiyo maana sitaki kauli hiyo igeuzwe dhamana. Leseni inampa kila mtu haki ya kusoma msimbo. Kuusoma hasa ni kazi, inachukua saa za mtu, na kwa miaka miwili saa hizo hazikutolewa za kutosha.

Desemba 2021 ikawa zamu ya Log4j, maktaba ya Java, yaani kifurushi cha msimbo ambacho programu nyingine hukitumia, inayoandika logi, kumbukumbu za matukio. Ikikuta maandishi yanayoanza na ${jndi: haikuyaandika tu, ilikwenda kwenye seva iliyotajwa humo, na mshambuliaji akaweza kuifanya iendeshe msimbo wake. Ukali wa mwanya huo ulipewa alama 10 kati ya 10. Mafundi wengi walihangaika kujua tu kama wanaitumia, kwani ilikuwa imejificha ndani ya maktaba iliyo ndani ya maktaba nyingine.

Na kiraka, yaani marekebisho ya kuziba mwanya, kikitoka, lazima mtu akisakinishe. Cha Apache Struts, programu huria ya kujengea tovuti, kilitolewa Machi 2017. Mei mwaka huohuo wadukuzi waliingia Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, kupitia mwanya uleule, na taarifa za watu takriban milioni 147 zikavuja.

Tukio linaloniumiza zaidi ni la XZ Utils, programu ndogo ya kubana mafaili, iliyotunzwa kwa miaka mingi na mtu mmoja wa kujitolea. Kuanzia mwaka 2021 mchangiaji aliyejiita Jia Tan alileta marekebisho mazuri, kwa subira. Mwaka 2022 akaunti nyingine zikaanza kumshinikiza mtunzaji: unachelewa, mpe mwingine nafasi. Yeye alieleza kwamba afya yake ya akili ilikuwa imemsumbua, na akawakumbusha kuwa kazi hii hailipwi. Hatimaye Jia Tan alipewa mamlaka. Mapema mwaka 2024, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka na mlango wa siri, sehemu yake ikiwa ndani ya mafaili ya majaribio. Hati ya amri (script) iliyouwasha iliwekwa kwenye kifurushi cha kupakua tu, haikuwamo kwenye hazina ya msimbo. Aliyesoma hazina peke yake asingeiona.

Aliyeufichua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, tarehe 29 Machi 2024. Alishangaa kwa nini kuingia kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Hakulipuuza, akachimba mpaka akafika chini, kabla matoleo hayo hayajaenea kwenye mifumo mingi ya Linux.

Wenye kampuni mlio hapa, ombeni orodha ya maktaba zote mnazotegemea, pamoja na zile zilizofichika ndani ya nyingine, na mkikuta inayotunzwa na mtu mmoja, mlipeni au mpeni fundi wenu saa za kumsaidia. Nanyi mnaogundua mianya, mwandikieni mtunzaji faraghani kwanza. Mtajieni toleo, hatua za kuurudia mwanya, na kiraka mkiweza. Mkubaliane siku ya kutangaza, na akikawia kujibu, muulizeni kwa upole ni msaada gani anaouhitaji.

Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.