Sadaka Aliyoiharakisha Sauli

Bwana asifiwe! Asanteni kwa kuikatiza saa yenu ya chakula mkaja hapa mjini tulisikie neno. Najua wengine saa nane mnatakiwa kazini, kwa hiyo tufungue moja kwa moja 1 Samweli sura ya 13.

Sauli, mfalme wa Israeli, yuko Gilgali. Ameagizwa na nabii Samweli amngoje siku 7, mpaka aje atoe sadaka. Wafilisti wamejaa Mikmashi kama mchanga wa pwani, Waisraeli wanajificha mapangoni na mashimoni, na katika nchi nzima hakuna mhunzi hata mmoja wa kuwafulia upanga. Jeshi linamponyoka Sauli mkononi. Atakapowahesabu waliobaki watakuwa kama 600. Siku ya saba imefika na Samweli haonekani. Sauli anaamuru sadaka iletwe, anaitoa yeye mwenyewe. Anapomaliza tu, Samweli huyo anafika.

Tazameni vizuri alikosea wapi. Hakwenda kwa mwaguzi. Hilo alilifanya miaka ya baadaye, kule Endori. Hakuinamia sanamu. Alitoa sadaka ya kuteketezwa, na aliitoa kwa Bwana. Utetezi wake nao una mashiko: watu wanatawanyika, wewe hujaja, adui yuko karibu, na mimi sijaomba fadhili za Bwana. Ndugu zangu, utetezi huu unanitisha kuliko dhambi nyingi za wazi, kwa kuwa umevaa joho la ibada. Sauli alikimbilia madhabahuni ili asiendelee kumngoja Mungu.

Jiji letu limejaa sadaka za namna hiyo. Kijana ametuma maombi ya kazi mpaka moyo umekufa ganzi. Dada anaulizwa na shangazi zake kila Krismasi ataolewa lini. Akiingia mahali fulani anaambiwa: panda mbegu, tuma kwa M-Pesa, wiki hii mlango utafunguka. Siwalaumu wanaotuma, maumivu yao nayajua. Namlaumu anayeigeuza hofu yao kuwa fedha. Kutoa ni kwema, na kesha la Ijumaa nalipenda sana. Lakini ukitoa au ukikesha ili umsukume Mungu, umesimama pale pale Gilgali.

Basi anayemngoja Mungu hufanya nini? Zaburi ya 130 inaanza na kilio kutoka vilindini, kwa hiyo tusidhani kungoja ni kunyamazisha uchungu. Kisha inasema: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, naam, walinzi waingojavyo asubuhi." Walinzi mnawajua. Mmewaacha getini asubuhi hii, koti zito bado mwilini. Soja hawezi kulivuta jua. Baridi ya Julai inamuuma, usingizi unamwelemea, lakini anazunguka ua, anamulika kona, anaandika kwenye daftari lake. Anajua pia kwamba hapa Nairobi, karibu na ikweta, mwaka mzima jua halijawahi kupita saa moja asubuhi kabla ya kuchomoza. Uhakika huo ndio unaomweka macho. Mtunga zaburi anasema hamu yake kwa Bwana inapita hata hiyo.

Niseme na hili, maana limeumiza watu. Mfanyakazi aliyenyimwa mshahara wake asiambiwe "mngoje Bwana" ili anyamaze. Yakobo sura ya 5 inawahimiza waumini wavumilie mpaka kuja kwake Bwana, lakini aya chache kabla ya hapo inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Nenda ukadai haki yako, na huku unamngoja Mungu.

Yeremia 29:11, ile ahadi ya Mungu ya mawazo ya amani na tumaini, tumeibandika kwenye kalenda na kwenye matatu. Aya ya 10 inataja miaka 70 ya kungoja huko Babeli, hiyo hatuibandiki. Tena kabla ya ahadi, wale waliohamishwa Babeli waliambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wauombee amani mji ule. Walingoja wakiishi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Asubuhi, kabla ya kuomba lolote, soma Zaburi 130; ina aya 8 tu. Halafu kaa kimya dakika chache, simu ikiwa chumba kingine. Mawazo ya kodi na karo yatakuja. Yataje mbele za Mungu, urudi kwenye ukimya. Kisha jiulize ni neno gani la mwisho ulilojua kwa hakika kuwa Bwana amekuagiza, ulitii siku hiyo, hata kama ni kumsamehe jirani tu.

Na mwenye uamuzi mkubwa wiki hii, mkopo, ndoa au kuacha kazi, akiona kinachomsukuma ni hofu kwamba watu wanatawanyika, asitie sahihi kwanza. Azungumze na mzee wa imani anayemwamini. Mimi nipo hapa mbele mpaka saa tisa kwa anayetaka tuombe pamoja.