Hela ya kunusuru uchumi inaanzia mfukoni kwa nani?

Shikamooni wazee wangu, vijana mambo vipi. Nimeombwa niongelee serikali inafanya nini uchumi ukidorora, nitajitahidi nisiwalaze.

Uchumi ukidorora watu wanaingiwa na woga, hawanunui, mwenye duka anapunguza mfanyakazi, yule aliyepunguzwa naye hanunui tena, ndo hapo serikali inaingia, ama ipunguze kodi, ama igawe hela, ama ijenge. Waingereza Desemba 2008 walishusha VAT, ile kodi unayolipa ukinunua kitu, toka 17.5% hadi 15%, Marekani Februari 2009 Obama akasaini dola bilioni 787 za kuamsha uchumi, Wajerumani wakasema lete gari lako la zaidi ya miaka tisa likakatwe skrepa uchukue euro 2,500 ukanunue jipya. Hii ya Wajerumani inanichekeshaga, huku kwetu gari la miaka tisa ndo jipya.

Sasa sisi. Juni 2009 Rais Kikwete alisimama hapahapa Dodoma akatangaza mpango wa kunusuru uchumi, trilioni 1.7. Bei ya pamba na kahawa ilikuwa imeporomoka duniani, wanunuzi walishakopa benki wakanunua kwa bei ya juu wakauza kwa hasara, kwahiyo serikali ikafidia hasara na mikopo yao ikasogezwa mbele miaka miwili kwa dhamana yake. Sisemi ilikuwa vibaya, bila hivyo msimu unaofuata pamba angenunua nani? Ila hela ya kuziba deni inaishia benki, haifiki gengeni. Na maswali ya nani hasa kafidiwa yalifika mpaka bungeni.

Linganisha na Oktoba 2021, Rais Samia anazindua, tena hapahapa, trilioni 1.3 za mkopo wa UVIKO toka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa. Najua kuna mtu atasema sisi hatukudorora, 2020 uchumi ulikua 4.8%, sawa, lakini kabla ya hapo ulikuwa kwenye 7%, na kamuulize mwenye hoteli ya watalii Arusha. Humo kulikuwa na madarasa 15,000, milioni 20 kila moja, kwa force akaunti, yaani shule inanunua vifaa yenyewe na fundi ni wa hapohapo mtaani. Chukua darasa moja tu la Chamwino: lori la mchanga linaingia, mama anayeponda kokoto anauza rundo lililokaa toka masika, saidia fundi analipwa jioni na jioni hiyohiyo anapitia kwa mama ntilie kulipa deni la wali maharage, mama ntilie kesho alfajiri yuko sokoni anafuata mchele na nyanya. Hela ileile imeshashikwa na watu wanne na darasa halijapigwa hata lenta! Kasoro ilikuwa haraka, nchi nzima ilitaka saruji na nondo kwa wakati mmoja ili form one wa Januari wakute madarasa, bei zikapanda, kuna chenji imeishia humo.

Benki Kuu nayo Mei 2020 ilishusha riba inayokopesha mabenki toka 7% hadi 5%, hiyo mtaani nani aliihisi? Ila siku hizohizo waliongeza kiwango cha kutuma hela kwa simu kwa siku toka milioni 3 hadi 5, hiyo mnunuzi wa mahindi Kibaigwa aliielewa bila mhadhara.

Haya, mzee wa kofia pale kanyoosha mkono kitambo, apewe maiki, nadhani anataka kuniuliza deni la IMF analipa nani.