Bakteria Kwanza, Samaki Baadaye: Mhadhara kwa Wanaoanza Kufuga Samaki wa Mapambo

Habari za jioni, ndugu zangu. Mliosimama kule nyuma, viti vinaletwa.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimenunua tangi, nikajaza maji masafi, nikatia samaki, wiki haijaisha wamekufa wote. Ni ugonjwa gani?" Mara nyingi si ugonjwa. Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia mashavu, na amonia ni sumu. Ziwani inapotelea kwenye maji mengi. Katika tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54, haina pa kwenda. Na haina rangi! Maji yatang'aa kama kioo huku samaki wanaungua ndani yake.

Wanaotuondolea sumu hiyo ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa nitriti. Nitriti nayo ni balaa jingine: inaingia kwenye damu na kuizuia isibebe oksijeni, ndiyo maana unamwona samaki yuko juu anahema ilhali pampu ya hewa inatoa mapovu vizuri tu. Kundi la pili hula nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki wengi huistahimili ikiwa kidogo, nasi tunaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki.

Hao bakteria hawazagai majini. Wamejishika kwenye sponji ya kichujio, kwenye mchanga, kwenye mawe. Kuwakuza huchukua wiki nne hadi sita. Kwa joto la Dar mambo huenda haraka. Aliyeko Njombe au Limuru bila hita atasubiri zaidi.

Unawakuza vipi bila samaki? Nenda Feri, soko la samaki la Dar, ukanunue kamba mmoja mbichi; akioza atatoa amonia, ndiyo chakula cha bakteria. Mmoja tu, wengine wapike. Mfunge kwenye kipande cha soksi nyembamba, mtumbukize, washa kichujio na pampu. Siku chache baadaye ataota utando mweupe kama pamba, maji yataingia ukungu, na nyumbani watalalamikia harufu. Vumilia. Pima kwa vipimo vya matone: vilivyozoeleka vinaonyesha njano pasipo na amonia, na kijani kikikolea ujue imepanda. Ikifika miligramu mbili hadi nne kwa lita, mtoe kamba. Kuanzia hapo tia chembe za chakula cha samaki kila baada ya siku chache, bakteria wasife njaa. Amonia itaanza kushuka, nitriti itapanda, na hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa sababu nitriti hupenda kukaa juu muda mrefu. Ikishuka nayo, usikimbilie dukani bado. Ongeza chakula, pima kesho yake na keshokutwa. Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati ipo: tangi limeiva.

Ukiwa na rafiki mwenye tangi la siku nyingi lenye samaki wazima, mwombe kipande cha sponji yake chafu. Utaokoa wiki kadhaa. Chupa za bakteria hai zinauzwa pia, nyingine zinasaidia; ila iliyokaa kwenye rafu inayopigwa jua, pesa yangu siitoi.

Maji yenyewe je? Ya bomba yana klorini, inayoua bakteria hao hao. Yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, afadhali na pampu ya hewa ndani, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Kwa sababu hiyo hiyo, sponji ikiziba usiioshe bombani. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Maji ya mvua watu huyasifu, lakini ni laini mno, yaani yana madini kidogo sana: bakteria wakifanya kazi hugeuza maji kuwa na asidi, na maji ya mvua hayana cha kuizuia. Asidi ikizidi, kazi inasimama. Yachanganye na ya bomba.

Sasa samaki. Samaki wa dhahabu (goldfish) sahau, anapita sentimita 20 na anachafua sana. Gapi (guppy) ni mstahimilivu na wa bei nafuu, ila chukua madume watupu. Jike huja dukani tayari ana mimba, na anahifadhi mbegu za dume kwa miezi. Anza na watatu au wanne, kaa wiki mbili ukipima, ndipo uongeze. Bakteria huwa wengi kwa kadiri ya chakula wanachopata. Ukileta samaki kumi siku moja, watazidiwa.

Lakini mkiniuliza mimi, lita 54 ni za samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, Neolamprologus multifasciatus. Dume ana sentimita nne au tano, jike mdogo zaidi, na wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Wape mchanga na makombe ya kutosha, watachimba wahamishe tangi zima! Tahadhari moja: maji yao yana pH karibu na 9 (pH ni kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua). Kwenye pH 7, amonia iliyo katika hali kali ya sumu haifiki asilimia moja; kwenye 9, kwa nyuzi 25, inapita theluthi. Tangi lao lazima liwe limeiva kabisa.

Naona mama pale ameshanyoosha mkono, nadhani ni umeme. Ukikatika, bakteria wa kichujio hukosa oksijeni, na baada ya saa kadhaa huanza kufa. Pampu ndogo ya betri inatosha, na siku hiyo usilishe. Ukirudi umekatika kutwa nzima, suuza sponji kwenye maji ya tangi kabla ya kuwasha, kisha pima amonia siku mbili tatu mfululizo.

Vipimo viko hapa mezani. Aliyekuja na maji ya kwake kwenye chupa asogee tuyapime.