Walisaini asilimia 8, wakakatwa 15: haki ya mkopo wa chuo iko wapi?

BARAKA: Haya jamani karibuni, leo tunaongea hela za chuo, yaani ruzuku, ada na mikopo, na swali letu ni moja tu, hivi serikali ikibadilisha masharti kila baada ya miaka michache, aliyesoma zamani anapata hivi na anayesoma sasa anapata vile, hapo haki iko wapi? Dada Zuhura uko hewani?

ZUHURA: Niko kaka Baraka, na leo nina mengi, hili suala linanikera kutoka moyoni.

BARAKA: Tuanze na Uingereza basi, maana wale wamepita kila hatua na kumbukumbu zao ziko wazi.

ZUHURA: Sawa. Mwaka 1962 ilipita sheria inayozilazimisha halmashauri kumlipia mwanafunzi ada, na juu yake kuna ruzuku ya kujikimu kulingana na kipato cha wazazi, kwa hiyo mtoto anamaliza chuo hadaiwi na mtu. 1990 wakaingiza mkopo wa kujikimu huku ruzuku ikigandishwa, haipandi tena. 1998 ada ya pauni 1,000 kwa mwaka ikaanza. 2006 ikaenda 3,000, 2012 ikaruka mpaka 9,000, eeh mara tatu kwa mpigo, halafu 2016 wanafunzi wapya wa England wakaambiwa ruzuku hakuna, wote kopeni. Mwaka 2025 ada ikafika 9,535.

BARAKA: Na hapo ni England, maana Scotland wenyewe wanafunzi wao wa nyumbani hawalipi ada.

ZUHURA: Hawalipi. Nchi moja, ufalme mmoja, mtoto wa upande huu wa mpaka anadaiwa, wa upande ule hadaiwi ada. Na ile kura ya Desemba 2010 ya kupandisha mpaka 9,000, ilipita 323 kwa 302, na wabunge wengi waliosoma chuo pale kabla ya 1998 hawakuwahi kulipa ada. Halafu wagombea wa Liberal Democrats, chama kilichoongozwa na Nick Clegg, walikuwa wamesaini ahadi hadharani kwamba watapinga kupandisha, wakaingia serikalini, ada ikapanda, 2012 Clegg akaja kuomba radhi kwa kutoa ile ahadi. Vijana wengi waliompigia kura walijisikia wamesalitiwa na mimi nawaelewa kabisa.

BARAKA: Nakuelewa, ila ngoja nikubane kidogo. Hao waliosoma bure walikuwa wachache sana. Mwanzoni mwa miaka ya 60 vijana walioingia chuo kikuu pale hawakufika hata mmoja kati ya kumi, leo ni karibu nusu. Sasa ile bure ya zamani ilikuwa inalipwa na nani? Na kodi ya kila mtu, pamoja na dereva na mfagizi ambao watoto wao chuo hawakukiona hata kwa mbali. Kwangu mimi hiyo nayo haikuwa haki, mlalahoi anamsomesha mtoto wa daktari aje kuwa daktari.

ZUHURA: Hapo sikubishii, na ndio maana mimi silii kwamba zamani ilikuwa peponi. Nchi ina haki ya kusema kuanzia mwaka kesho wanaoingia watasoma kwa masharti haya mapya. Tutabishana kama masharti ni mazuri au mabaya, tutaandamana, tutapiga kura, lakini anayeingia anajua anaingia wapi. Kinachoniuma ni kubadilisha masharti kwa mtu ambaye ameshasaini, ameshasoma, ameshamaliza, hawezi kurudi nyuma akasema basi naacha.

BARAKA: Toa mfano.

ZUHURA: Hao hao England. Walioanza 2012 waliambiwa utakatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi pauni 21,000 za mshahara kwa mwaka, na hicho kiwango cha 21,000 kitakuwa kinapanda kadiri mishahara inavyopanda. Watu wakasaini. Mwaka 2015 serikali ikatangaza kiwango hakipandi, kinagandishwa mpaka 2021, na hiyo inawahusu hata waliokwishasaini. Kelele zikawa nyingi, 2017 wakarudi nyuma, na Aprili 2018 kiwango kikawa 25,000. Sasa piga hesabu, mtu wa mshahara wa 25,000 alikuwa anakatwa pauni 360 kwa mwaka, kiwango kilivyopandishwa akawa hakatwi kitu. Mkopo ni uleule, mshahara uleule, aliyeamua ni mtu mmoja ofisini.

BARAKA: Lakini si fomu yenyewe inasema masharti yanaweza kubadilika?

ZUHURA: Inasema, ndio hapo sasa! Ule mkopo sheria ya kumlinda mkopaji wa kawaida pale haiugusi. Benki ikikukopesha kwa masharti fulani, huwezi kuamka siku moja ukakuta wamejiandikia mengine watakavyo, watashtakiwa. Serikali inamkopesha mtoto wa miaka 18, anayeambiwa tangu shule ya msingi kwamba bila chuo hana maisha, halafu inajiachia mlango wa kubadilisha chochote muda wowote. Mimi hiyo siiti ridhaa.

BARAKA: Na Tanzania tumeyaona pia.

ZUHURA: Tumeyaona vizuri tu. Marekebisho ya sheria ya Bodi ya Mikopo ya 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 mpaka 15 ya mshahara wa msingi, na yakawakuta hata waliokopa wakijua ni 8. Mwenye mshahara wa msingi wa milioni moja alikuwa anakatwa 80,000, ikawa 150,000, na huyo tayari ana familia, ana kodi ya nyumba, ana mipango aliyoipanga kwa hesabu ile ya kwanza. Juu yake kulikuwa na ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, deni linalipwa huku linakua, mpaka Rais Samia alipotangaza Mei Mosi 2021 kwamba inafutwa.

BARAKA: Sasa dada yangu nisikilize na mimi. Hela ya marejesho ndiyo inayotoa bumu la wanaofuata. Aliyemaliza akilipa polepole, kuna mtoto amefaulu vizuri kabisa yuko nyumbani anasubiri jina lake litoke na halitoki. Huyo hajasaini kitu, hana wa kumsemea, na haki yake je? Serikali ikisema wewe mwenye kazi ongeza kidogo ili mdogo wako naye aingie darasani, mimi siwezi kuiita dhuluma moja kwa moja.

ZUHURA: Hiyo hoja ndiyo nzito kuliko zote na naiheshimu. Ila angalia mzigo unamwangukia nani. Anayeongezewa ni yule ambaye tayari analipa, kwa sababu mwajiri anakata kabla hela haijamfikia. Ambaye hajawahi kurejesha hata shilingi, aliyejiajiri na kipato anacho, asilimia 15 haimpati, maana hata ile 8 haikumpata. Mwaminifu ndiye anaadhibiwa kwa kuwa ni rahisi kumfikia. Kama mfuko umepungua anza na hao wasiolipa, halafu weka hela ya bajeti, elimu ya huyo mdogo ni jukumu la nchi nzima, mwenye payslip peke yake hawezi kuibeba.

BARAKA: Haya, na ikigeuka upande wa pili? Australia chuo kilikuwa bure kuanzia 1974, mkopo ukaja 1989, sasa 2025 wamepitisha kupunguza asilimia 20 ya madeni yaliyobaki, hesabu ikichukuliwa ya tarehe 1 Juni. Aliyejinyima akamaliza deni Mei hakupata kitu, na aliyekuwa analipa taratibu amesamehewa sehemu. Hiyo nayo si dhuluma?

ZUHURA: Inauma, lakini aliyemaliza Mei alilipa kile alichokubali kulipa, hakuna aliyemvunjia ahadi. Kumpunguzia mtu mzigo na kumwongezea mzigo mimi siviweki kwenye mizani moja.

BARAKA: Mimi bado naona inawafundisha watu kusubiri. Ukijua msamaha unaweza kuja, kwa nini ukimbilie kulipa?

ZUHURA: Inawezekana, na hapo tutofautiane tu.

BARAKA: Tutofautiane. Sasa England ya 2023 wewe unaionaje? Mpango mpya, kiwango 25,000, deni linafutwa baada ya miaka 40 badala ya 30, riba imeshushwa.

ZUHURA: Mpango wenyewe siupendi hata kidogo. Riba ndogo inamfaa mwenye mshahara mkubwa maana anamaliza mapema, mwalimu na nesi ndio wanaokatwa ile miaka kumi ya ziada, mtu anamaliza chuo na miaka 21 anakaa na deni mpaka anavuka 60. Lakini waliupeleka kwa wapya tu, wa 2012 wakabaki na miaka yao 30, na hapo angalau utaratibu ulikuwa sawa.

BARAKA: Kwa hiyo wewe unataka sheria iseme nini hasa?

ZUHURA: Asilimia ya makato, kiwango cha kuanzia kukatwa na namna kinavyopanda, riba, na miaka ya kufutwa, vyote vifungwe siku ya kusaini. Serikali ikitaka kulegeza ilegeze, kukaza ni kwa wanaoingia, na watangaziwe kabla hawajajaza fomu za kuomba chuo.

BARAKA: Hapo kwenye kufunga naungana na wewe, ila mimi naongeza na upande wa mkopaji, akiwa na kipato na hataki kulipa afuatwe kweli kweli, awe ameajiriwa au ana biashara yake.

ZUHURA: Afuatwe, tena kwa masharti yale yale aliyoyasaini.