Fundi Hodari Anaitwa Nottingham: mhadhara kuhusu Waingereza na baiskeli zao

Jamani habari za jioni, karibuni sana, mliosimama nyuma kuna mkeka hapa mbele njooni mkae. Naona mafundi wengi leo, naona watoto wa shule, na mzee wangu pale ameingia na baiskeli yake mpaka ndani, sawa kabisa mzee, iegemeze hapo ukutani tutaihitaji.

Mimi habari hii ilinishika nikiwa mdogo sana. Babu alikuwa na Raleigh nyeusi, ile ya keria nzito na dinamo inayolia kwenye tairi, na kila jumamosi kazi yangu ilikuwa kuifuta kwa tambara lenye mafuta ya taa. Sasa pale mbele chini ya usukani kuna kibati, kina kichwa cha korongo na maandishi, Nottingham England. Nikamuuliza babu Nottingham ni nani, babu akanijibu bila kufikiri, huyo ni fundi hodari, hajaniangusha hata siku moja. Miaka mingi nimeishi nikijua kuna mzee anaitwa Nottingham amekaa na nyundo yake mahali.

Kumbe ni mji, na hilo jina Raleigh lenyewe ni la mtaa, kulikuwa na karakana ndogo Mtaa wa Raleigh miaka ya 1880, Frank Bowden akaipenda akaingiza pesa zake, ikawa moja ya viwanda vikubwa kabisa vya baiskeli duniani, mpaka ilipofika 2002 kazi ya kutengeneza baiskeli pale Nottingham ikaisha. Lakini jibu la babu naona lilikuwa na ukweli wake, maana ukiichimba hii habari ya Waingereza na baiskeli, nyuma ya kila kitu unamkuta mtu, mtu mmoja na mikono yake. Na mimi nimewasoma hawa watu miaka mingi, ninachoamini ni kwamba wale wabunifu wao hasa ni watu waliokuwa wamenyimwa kitu. Mmoja kanyimwa barabara, mwingine kaambiwa mwili wako hauwezi, mwingine hana hela hata ya vipuri. Nitawaonyesha.

Tuanze na barabara. Mwaka 1894 huko kaskazini mwa London kundi la waendeshaji lilikuwa linashindana kwenye barabara kuu, farasi wa mama mmoja wakashtuka, vurugu ikatokea, mama akaenda polisi. Ikaja marufuku, na chama chenyewe cha baiskeli ndicho kilichosema hakuna tena mashindano barabarani, kiliogopa serikali isije ikafungia baiskeli zote. Ufaransa na Italia wao wakaendelea na mbio zao za kundi zima, watu wamejaa pembeni wanashangilia. Mwingereza akabaki na nini? Akabaki na alfajiri. Bwana mmoja F. T. Bidlake mwaka 1895 akaanzisha utaratibu mwingine, kila mtu anaondoka peke yake, ameachana na mwenzake kwa muda, mnashindana na saa siyo ninyi kwa ninyi, kwa hiyo ukimwona barabarani ni mtu tu anaendesha baiskeli yake. Na walijificha kweli, wanavaa nguo nyeusi shingo mpaka miguu wasionekane, karatasi ya ratiba imeandikwa ni siri, na njia hazitajwi kwa majina zinatajwa kwa namba, kama V718, na utaratibu huo wa namba unatumika mpaka leo, yaani ukikaa na mzee wa kule akakuambia nilikwenda kwenye V718, uso wake unabadilika kabisa kama anakutajia kijiji alichozaliwa.

Nilipokuwa naishi kule jirani yangu alinipeleka siku moja kuangalia. Saa kumi na moja alfajiri, baridi, ukungu, pembeni ya barabara kuna mzee kakaa kwenye kiti cha kukunja na mwavuli na saa yake mkononi. Kijana anapanda baiskeli, miguu yote iko juu ya pedeli tayari, mzee mwingine amemshikilia kwa nyuma kwenye siti asianguke, yule wa saa anahesabu taratibu, tano, nne, tatu, mbili, moja, na mkono unaachia siti. Hakuna kusukuma, anaachiwa tu. Unasikia cheni, halafu unasikia tairi, halafu husikii kitu. Dakika moja anakuja mwingine. Baadaye wote wanakwenda kwenye ukumbi wa kijiji, wamama wametandika meza, chai ya maziwa na keki, matokeo yanaandikwa kwa kalamu kwenye ubao ukutani na watu wanasimama mbele yake na vikombe vyao wakisoma kimya kimya. Nilisimama pale nikahisi nimeingia kwenye nyumba ya watu. Mwaka 1942 Percy Stallard aliivunja ile marufuku, akaandaa mbio za kundi kutoka Llangollen mpaka Wolverhampton, wakamfungia, lakini ndo mlango ukaanza kufunguka. Ila tabia ya alfajiri ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Na hiyo alfajiri ndiyo iliyomlea Beryl Burton. Kinadada sikilizeni hapa. Mtoto wa Leeds, kazaliwa 1937, akiwa mdogo akapata homa ya baridi yabisi, akalazwa miezi mingi, madaktari wakamwambia maisha yako yote usijichoshe. Huyo wa kutojichosha akaja kufanya kazi kwenye shamba la rubarbi, ni mmea wenye mashina mekundu machachu wanapikia pai, ule wa Yorkshire unang'olewa na mizizi yake yote na ile mizizi ina uzito usio wa kawaida na udongo umeganda kwa baridi. Mwenye shamba, Nim Carline, naye alikuwa mwendesha baiskeli mkali. Kwa hiyo mchana mama anachimba, jioni anaendesha, wikiendi anashindana, ana mume na mtoto, hajalipwa na timu yoyote. Akawa bingwa wa dunia mara 7. Na kule kwao tuzo ya mwanamke bora kabisa wa mbio hizi za saa aliichukua miaka 25 mfululizo, ishirini na tano, mtoto anazaliwa anasoma anaoa na Beryl bado ni yeye tu. Olimpiki hakuenda, siyo kwamba alishindwa, mbio za baiskeli za wanawake Olimpiki ziliwekwa mwaka 1984, yeye ana miaka 47.

Sasa 1967 kulikuwa na mbio za saa 12, unaendesha saa 12 halafu wanapima umbali. Wanaume wametangulia kuondoka, na mmoja wao, Mike McNamara, alikuwa njiani kuvunja rekodi ya wanaume ya nchi nzima, na aliivunja kweli. Beryl anakuja nyuma, anawapita mmoja mmoja, mpaka mbele amebaki McNamara peke yake. Alipomfikia hakujua afanye nini, maana kumpita mtu anayevunja rekodi siku hiyohiyo si jambo dogo, akaingiza mkono kwenye mfuko wa mgongoni akatoa peremende, zile za rangirangi zenye utepe mweusi katikati, akampa. Jamaa akapokea akashukuru akaila. Beryl akaenda zake. Jioni imepimwa maili 277 na robo, karibu kilomita 446, mbele ya rekodi ya wanaume, na mwanamume wa kuifikia ilibidi wasubiri miaka miwili. Kwa wanawake rekodi ile ilikaa miaka 50. Mimi hiyo peremende huwa naifikiria sana, ni ukarimu wa mtu ambaye ameshateseka na anajua mwenzake anavyojisikia pale alipo.

Najua kuna mtu ataniuliza Froome, ngoja nimalize naye haraka. Chris Froome kazaliwa Nairobi, mlezi wake kwenye baiskeli ni David Kinjah kule Kikuyu, 2006 amevaa jezi ya Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Melbourne, halafu ndo akaja kushinda Tour de France, zile mbio kubwa za kuizunguka Ufaransa, mara 4 akiwa Mwingereza. Kinjah peke yake anastahili jioni nzima na tutampa.

Turudi kwa mafundi. Andrew Ritchie, kijana kasomea uinjinia Cambridge, akawa anatunza bustani za watu London. Miaka ya 1970 chumbani kwake, dirishani anaona kanisa la Brompton Oratory, akaanza kutengeneza baiskeli ya kukunja. Akazipelekea kampuni kubwa hazikuitaka. Akatafuta watu 30 walipe kabla, akawatengenezea kwa mkono, akaendelea hivyohivyo kwa miaka mpaka mteja mmoja mwenye kiwanda cha redio na spika, Julian Vereker, alipomdhamini benki. Leo Brompton iko dunia nzima, na fremu bado zinalehemiwa kwa mkono na shaba ya njano pale London, na kila mlehemu ana alama yake anaigonga kwenye kazi yake. Mafundi mliopo hapa hebu fikirini, wangapi kati yetu tunaweka alama kwenye kazi? Babu yangu angemjua fundi wake kweli.

Wa mwisho ni Graeme Obree, na huyu nitakaa naye. Ni Mskoti, wa Ayrshire. Alikuwa na duka la baiskeli likafa, ana madeni, na anataka kuvunja rekodi ya saa moja, umbali mtu anaoweza kwenda kwenye uwanja wa duara kwa dakika 60. Aliyekuwa nayo ni Mwitaliano Francesco Moser, kilomita 51 na mita 151, aliiweka Mexico kwenye hewa nyepesi 1984 na wanasayansi wamemzunguka. Obree ana karakana na moto wa kulehemu. Mzee naomba baiskeli yako. Angalieni, hapa pedeli zinapozungukia kuna upana huu. Obree alisema miguu yangu iko mbali mno, nataka magoti yakaribiane yapasue upepo, lakini beringi za baiskeli zinahitaji upana. Akaenda kufungua mashine ya kufulia nguo. Beringi zile ni nyembamba, na mashine inazunguka mara elfu na zaidi kwa dakika bila kulalamika, akaziweka hapa. Huu mtaimbo wa juu akauondoa magoti yasigonge. Usukani akaurudisha mpaka karibu na kifua, mikono kaikunja chini ya mbavu, ukimtazama kwa mbele ni vunjajungu kabisa.

Julai 1993 akaenda Hamar, Norway. Siku ya kwanza, kwa baiskeli mpya iliyofanana na yake, akashindwa. Miguu imekwisha. Akasema narudia kesho asubuhi. Usiku ule alikunywa maji mengi makusudi ili mkojo umwamshe, kila akiamka ananyoosha misuli, analala tena, anaamka. Asubuhi akapanda ile ya kwake ya beringi za mashine. Kilomita 51 na mita 596.

Haikumaliza wiki Chris Boardman akaivunja, mwaka uliofuata Obree akaichukua tena, halafu wakubwa wa baiskeli duniani wakapiga marufuku ule mkao wake. Akabuni mwingine, mikono imenyooka mbele kabisa, akawa bingwa wa dunia 1995, wakaupiga marufuku na huo. Katikati ya yote anaumwa akili, anataka kujiua, na amelisema wazi hadharani, jambo ambalo mimi namheshimu nalo kuliko hata rekodi.

Na hakuacha. Mwaka 2013, ana miaka 48, kwenye fleti yake Saltcoats, jikoni, akatengeneza baiskeli ya kulalia kifudifudi kichwa mbele, na kile cha kuegemeza mabega amekikata kwenye sufuria ya zamani. Akaipeleka jangwani Nevada ikakimbia zaidi ya kilomita 90 kwa saa kwa miguu yake mwenyewe.

Haya mzee, baiskeli yako hii hapa, asante. Mwenye swali anyooshe mkono, tuanze na huyo binti wa mbele.